Sauti Tatu za Ehrenlohe

Ngome ya Ehrenlohe, 9 Julai 1783

Dada yangu mpendwa Benigna,

Nakuamkia kwa heshima, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko pwani. Huku sisi ni wazima, ila jua limetutia wasiwasi. Limekuwa jekundu kama shaba, na hewa imejaa ukungu mkavu unaonuka kiberiti. Mchungaji anasema ni ghadhabu ya Mungu, daktari anasema ni moshi wa mahali fulani, na Shangazi Kunigunde anasema ni macho yake tu, wala hataki kuambiwa kwamba sote tunaona vivyo hivyo. Masikio yake nayo yamezidi kuziba. Jana nilimwambia chakula kiko tayari, akanijibu kwamba hata yeye hajawahi kumpenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu mke wangu Amalie afariki, kila mtu ananiuliza nitaoa lini. Jibu nimelipata. Nataka kumwoa Regina Hallbauer, binti wa mpiga kinanda wa kanisa letu. Baba yake unamkumbuka, yule aliyekuwa akitupigia nyimbo za walevi polepole ili Baba adhani ni zaburi.

Washauri wangu walipopona mshtuko walisema nimwoe kwa mkono wa kushoto, yaani awe mke asiye na cheo, na watoto wake wasirithi kitu. Nikaenda kumweleza. Nilimkuta jikoni kwa baba yake akikata vitunguu, na hakusimamisha kisu. Akasema, "Mtukufu, mkono wangu wa kushoto kazi yake ni kushika kitunguu wakati wa kulia unakata. Ukitaka kunioa, nioe kwa ule unaokata. Kama hutaki, nenda salama, mimi nina supu motoni."

Kanuni ya ukoo wetu unaijua. Mwanamke asiye wa damu ya watawala anaweza kupewa cheo kamili iwapo watu wazima wa ukoo watakaa barazani na sauti tatu kati ya nne zikubali. Tumebaki wanne: mimi, wewe, Shangazi, na binamu yetu Volkmar wa tawi la chini. Volkmar hawezi kukubali, kwa sababu nikifa bila mrithi nchi hii ni yake. Na vijana wa nchi yake unajua anavyowafanya. Anawakodisha kwa wafalme wa mbali wakapigane vita visivyowahusu, kama mtu anayekodisha farasi.

Shangazi niachie mimi. Wewe nakuomba sauti yako.

Nisalimie mumeo Detlev.

Mdogo wako, Ludolf

———

Marschwarden, 30 Agosti 1783

Mdogo wangu Ludolf,

Nimepokea salamu zako na nazirudisha maradufu. Jua la hapa nalo lilikuwa jekundu, lakini upepo wa bahari umeusukuma ukungu kwa majirani. Kondoo wamezaa vizuri. Mbwa wangu Fips amekula kiatu cha mchungaji wakati wa ibada ya nyumbani, na mchungaji akamaliza sala akiwa na soksi. Mwambie Shangazi nimemfumia shali.

Kuhusu Regina Hallbauer, nilicheka. Mwanamke anayemjibu mtawala wake huku ameshika kisu anachekesha, nakubali. Lakini nchi haitawaliwi na kicheko.

Ulikuwa na miaka tisa siku nilipoondoka nyumbani. Ulikimbia nyuma ya gari la farasi hadi darajani, na mlezi wako akakubeba huku unapiga mateke. Hukujua nililokuwa nimeambiwa na Baba asubuhi ile. Nilimwambia sitaki kwenda, simjui huyo mtu, na bahari inanitisha. Akaniambia, "Watu wengine huoa na kuolewa kwa ajili yao wenyewe. Sisi tunaoa na kuolewa kwa ajili ya nchi. Futa uso, watu wanasubiri kukuaga." Nikafuta uso. Tangu siku hiyo sijamsumbua mtu yeyote.

Mimi nilitii, Ludolf. Mama yetu alitii. Amalie wako, Mungu amrehemu, alitii. Sasa wewe unataka tukae barazani tuseme kwamba haikuwa lazima?

Wapo mabinti wa watawala wanaoweza kupika supu. Tafuta mmoja. Sauti yangu siwezi kukupa.

Dada yako, Benigna

———

Ngome ya Ehrenlohe, 2 Novemba 1783

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu, na shali imefika. Shangazi ameivaa kanisani na kumwambia kila mtu imefumwa na malkia wa Denmark. Tumemwacha. Mavuno yalikuwa haba kwa ajili ya ule ukungu, lakini hatutalala njaa. Kabichi ipo, na nguruwe wamenona.

Jibu lako nimelisoma mara nyingi. Sitabishana nawe kwa barua, kwa sababu wewe hushinda. Nitakueleza tu yaliyotokea wiki iliyopita.

Volkmar alikuja kutembea. Hakuwa amealikwa. Aliingia na buti zenye matope hadi ukumbi wa picha za wazee, akawa anatazama dari kama fundi aliyeitwa kupima. Alisema madirisha ya upande wa kaskazini atayaziba. Nikamuuliza, "Utayaziba lini?" Akacheka. "Binamu, wewe ni mtu wa mapafu dhaifu. Mimi sina haraka."

Baadaye tulisimama barazani tukitazama vijana wa mjini wakibeba magogo ya kuni kuingia uani. Walikuwa wanaimba. Volkmar akawatazama, halafu akasema, "Wako wana miguu mirefu. Wangu wamekwisha."

"Wamekwisha namna gani?"

"Vita vimemalizika, wanarudi kidogo kidogo. Lakini mfalme mwingine ataanza vyake. Huwa wanaanza."

Alisema hivyo huku anakula peasi la bustani yangu.

Ndiyo sababu nakuomba tena, na sababu si mimi peke yangu. Regina hajui kwamba nakuandikia. Nikimtajia baraza la ukoo ananiambia nisimchekeshe.

Jambo moja, dada. Nilitafuta barua zako za zamani nikaona kwamba kila ninapomtaja Detlev, wewe unanijibu habari za kondoo. Sisemi zaidi.

Mdogo wako, Ludolf

———

Marschwarden, 4 Januari 1784

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Shangazi. Barua yako imechelewa kwa sababu ya barafu, na hii nayo sijui itafika lini. Wino unaganda, inabidi niuweke kwapani kama yai. Bahari imeganda hadi mbali, na Fips anakwenda juu yake kuwabwekea bata.

Hukuniambia habari ya mapafu yako, ila kwa mdomo wa Volkmar. Nimeliona hilo pia. Kila mmoja wetu ana kondoo wake.

Kabla ya Krismasi meli ililetwa na dhoruba kwenye bandari yetu ndogo. Ilikuwa imebeba askari kutoka ng'ambo ya bahari kuu, wale waliokodishwa. Wenyeji hawakutaka kuwashusha kwa kuogopa homa. Nilikwenda na supu na mablanketi, na mtumishi wangu Trine akilia njia nzima kwamba tutakufa.

Nilikuwa nachota supu nikasikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Sogea, we kichwa cha kabichi, mama wa watu anaungua." Ludolf, ilikuwa lafudhi ya kwetu. Ile ya mto Lohe, inayomeza nusu ya neno. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyesema hivyo mbele yangu.

Niligeuka nikamuuliza anatoka wapi. Anaitwa Kaspar Dörr, wa kijiji kimoja cha Volkmar, ng'ambo tu ya mto. Mkono wake wa kulia umekatwa begani. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akatazama sitaha ya meli, akasema, "Tulipokwenda tulijaa meli tatu, mama. Tulilala kwa zamu. Sasa unaona mwenyewe, tunaweza hata kuanika nguo."

Nikamwambia mimi ni nani. Wakavua kofia. Mmoja akauliza kama ni kweli kwamba upande wetu, upande wa Mtukufu Ludolf, vijana hawapelekwi. Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi Mungu ampe watoto."

Niliwapikia matonge ya viazi. Hayakutokea vizuri, viazi vya hapa vina maji. Walikula yote.

Wengine wamekwenda zao. Kaspar yuko hapa bado, ana homa, na anasema haogopi kufa ila anaogopa kufika nyumbani. Trine anamlisha kama bata wa sikukuu.

Usidhani nimebadili mawazo. Nafikiri tu.

Benigna

———

Ngome ya Ehrenlohe, 20 Machi 1784

Dada yangu mpendwa,

Salamu, na pole kwa kimya. Barua yako ya Januari imenifikia juzi, imelowa na kukauka mara mbili. Daraja tulilokuwa nalo halipo tena. Barafu ya Lohe ilipasuka kwa mlio kama mizinga, na maji yakaja nyuma yake yakabeba kinu cha kusagia unga, ghala la chumvi, na mtaa wote wa wachuna ngozi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kijiji cha juu, na nikafungiwa huko na maji. Ngome ilikuwa na Shangazi, walinzi, na amri ya Baba ambayo hakuna aliyewahi kuifuta, kwamba lango lisifunguliwe kwa umati.

Regina alipanda kutoka mjini na watu nyuma yake, watoto, wagonjwa, na ng'ombe wa mjane Kessel. Mkuu wa walinzi akamwambia hana ruhusa. Nimesimuliwa na mkuu mwenyewe, kwa hiyo naamini. Regina akamuuliza, "Mama yako yuko wapi saa hii?" Akasema yuko mtaa wa wachuna ngozi. Regina akasema, "Yuko hapa nyuma yangu, amelowa hadi kiunoni. Mweleze yeye kuhusu ruhusa." Lango likafunguliwa.

Watu walilala ukumbi wa picha za wazee. Ng'ombe alifungwa chini ya picha ya babu aliyepigana na Waturuki, na kwa namna walivyofanana uso, watu wamekuwa wakicheka tangu hapo.

Na Shangazi. Unajua alivyokuwa akimwita Regina "yule mwenye kinanda". Usiku wa kwanza aliamka akakuta watoto watatu wa msaga unga kitandani mwake. Akapiga kelele. Regina akaja, akamwandikia kwa chaki kwenye kibao: BARIDI. HAWANA MAMA. Shangazi akasoma. Halafu akasogea ukutani. Niliporudi nilimkuta amemshika mdogo wao mapajani, anamfundisha kucheza karata kwa kuiba. Akanitazama akasema kwa ile sauti yake ya kiziwi inayosikika hadi zizini, "Huyu msichana ndiye mwenye nyumba. Wewe ulikuwa wapi?"

Basi sauti ya pili ninayo.

Nimeitisha baraza siku ya Jumatatu ya Pentekoste. Usitume neno, njoo mwenyewe. Chumba chako cha zamani kimepigwa chokaa. Mlete Kaspar. Mlete Fips na viatu vya akiba. Na kama Detlev anataka kuja, aje. Na kama hataki, au hayupo wa kuulizwa, njoo hivyohivyo.

Ludolf

———

Marschwarden, 18 Aprili 1784

Ludolf,

Nashukuru Mungu kwamba mko hai. Nimewaombea waliochukuliwa na maji.

Leo sina habari za kondoo.

Detlev aliondoka hapa miaka sita iliyopita. Anaishi Copenhagen na mwanamke mwingine, na wana watoto wawili wa kike. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Siku moja tu alisema nyumba hii ina upepo, akaenda, na kila mwaka anatuma sanduku la machungwa. Kwenye barua zangu zote nilikuwa natia salamu zake, mpaka mkono ukachoka kudanganya ndipo nikaanza kuziruka. Nilidhani hutaona.

Sikuwaambia kwa sababu binti wa Ehrenlohe harudishwi nyumbani kama sahani yenye ufa. Na nitakuambia jambo nililolifahamu juzi tu, nikiwa namfunga Kaspar bandeji. Nilipokukatalia mwaka jana sikuwa nalinda ukoo. Nilikuwa nalinda miaka yangu. Kama wewe unaweza kuoa umpendaye na mbingu isianguke, basi yangu yote ilikuwa ya nini?

Nilimuuliza Kaspar, "Ungekuwa na mwana, ungetaka naye aende vitani, ili mkono wako usiwe umepotea bure?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Mama, ningemficha kwenye pipa."

Nimefunga masanduku. Trine anakuja, ameniambia hata kwa mshahara hatabaki hapa peke yake na ng'ombe. Kaspar ataendesha farasi kwa mkono mmoja, na anasema ni rahisi kuliko alivyofikiri. Tunaondoka keshokutwa.

Sauti yangu ni yako. Lakini nataka kwanza nimwone huyo mwanamke.

Dada yako, Benigna

———

Ngome ya Ehrenlohe, 6 Mei 1784

Dada,

Barua hii namwachia Regina akupe utakapofika. Volkmar amenishtaki kwa mahakama ya Kaisari huko Vienna, anasema baraza letu ni batili. Nimeitwa nijibu, na nisipokwenda nitahukumiwa nikiwa sipo. Baraza haliwezi kuahirishwa, ndivyo alivyotaka. Lakini kanuni inaniruhusu kumwachia sauti yangu ndugu wa damu. Nakuachia wewe, na kiti changu pamoja nayo.

Miaka ishirini nimekungoja, na sasa mimi ndiye ninayeondoka. Samahani kwa hilo. Daktari wa Vienna atanitazama mapafu, usiulize zaidi.

Ludolf

———

Ngome ya Ehrenlohe, 13 Juni 1784

Mdogo wangu Ludolf,

Nakusalimu kutoka mezani kwako. Kiti chako kina mguu mmoja mfupi, sijui umekivumilia vipi. Shangazi mzima, watoto wa msaga unga wazima, na Fips amefanya urafiki na ng'ombe.

Regina alinipokea kivukoni, kwa kuwa daraja halijajengwa. Nilitarajia mrembo. Ana pua kubwa na mikono mikavu, na alinitazama usoni muda mrefu. Akasema, "Mna macho sawa. Yeye huyafumba akidanganya. Na wewe?" Nikamwambia mimi huandika habari za kondoo. Hakuelewa, nikamweleza, na tukacheka hadi mwenye mashua akageuka.

Kumbe nawe ulinificha jambo. Ameniambia kwamba baada ya jibu langu la kwanza ulimwendea ukasema utaachia kiti, mwende mkaishi mahali pengine kama watu. Nikamuuliza alikujibu nini. "Nilimwambia mwanamume anayemwachia Volkmar vijana wa watu ili alale kwangu, asubuhi sitaweza kumwandalia hata chai." Wakati huohuo niliamua, Ludolf. Yaliyofuata yalikuwa kazi tu.

Baraza lilikaa ukumbini. Volkmar alikuja na wanasheria wawili na kuzungumza juu ya damu mpaka Shangazi akasinzia. Alipomaliza, karani akamuuliza Shangazi sauti yake. Akafumbua jicho moja. "Nakubali."

"Shangazi," Volkmar akasema, "hujasikia hata swali."

"Nimelisikia tangu Machi. Wewe ndiye umechelewa."

Kisha nikasema mimi nina sauti mbili, yangu na yako, na zote zinakubali. Volkmar akasimama. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo. Akasema mbele ya wote kwamba mimi ni mke aliyetupwa, kwamba pwani yote inajua mume wangu analala wapi, na mwanamke asiyeweza kushika nyumba yake hana sauti katika nyumba ya wengine.

Hayo maneno ndiyo niliyoyakimbia kwa miaka sita, nikidhani siku yatakaposemwa nitakufa. Niliyasikiliza hadi mwisho. Halafu nikamwambia, "Ni kweli, ameniacha. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuja."

Kuna mtu alicheka nyuma, nadhani mkuu wa walinzi. Volkmar akageuka kumtafuta, akamwona Kaspar amesimama mlangoni. Akasema, "Yule ni askari wangu. Anafanya nini huku?"

Nikamwambia, "Alikuwa wako alipokuwa mzima. Ulichokibakiza tumekichukua sisi."

Karani akaandika: sauti tatu. Volkmar hakungoja mvinyo.

Najua mahakama ya Kaisari bado haijasema, na wanasheria wako wananiambia inaweza kuchukua hadi majira ya baridi. Lakini wanasema pia kwamba baraza lililokaa kwa kanuni ni vigumu kulivunja. Nimefurahi kusikia daktari wa Vienna amekuambia utazeeka. Mtii huyo.

Detlev nimemwandikia. Nimemwambia asitume machungwa tena, awape binti zake. Mimi nabaki hapa, kama utanikubali, na hata usiponikubali, kwa kuwa Shangazi ameshaniambia ni zamu yangu kugawa karata.

Nimalizie na la leo. Tulikuwa tunatoka kanisani. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama langoni, mzee, vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo, kutoka nchi ya Volkmar. Watumishi wa Volkmar waliorudi kutoka barazani walikuwa wamesema huko kuhusu askari wa mkono mmoja, naye alikuwa ameambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba mwanawe amekufa. Hakuuliza mtu. Alisimama akitazama kila anayetoka.

Kaspar alitoka mwisho, akimshikia Trine kitabu cha nyimbo. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba anataka kuingia tena kanisani. Yule mama akamfuata. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku. Mkono wa koti uliokuwa mtupu hakuutazama hata kidogo.

Akasema, "Umekonda. Wanakupa nini kula hapa?"

Regina alikuwa kando yangu. Akamjibu, "Njoo jikoni, mama, uone mwenyewe."

Wako jikoni hadi sasa, wote watatu, na Trine wa nne. Nasikia sauti zao kutoka hapa. Mama Dörr anasema matonge yetu ya viazi yana chumvi nyingi.

Rudi nyumbani, Ludolf, uje uoe.

Dada yako, Benigna